Konokono wa Sanduku la Kushoto

Jumatano, 6 Februari

Mwalimu, shikamoo.

Natumai u mzima. Sisi huku hatujambo, ila mtoto anaota jino na mtaa mzima unajua.

Konokono wamefika salama. Jirani yetu, yule mlinzi wa lango la chuo, aliwabeba mpaka mlangoni na amekubali kuwa tarishi wetu. Sharti lake ni moja, asiwashike kwa mkono.

Nikwambie ukweli, siku uliposimama darasani ukasema kuna wanafunzi wanaoutaka utafiti lakini saa zao haziutaki, nilidhani unatania. Maabara hufunguliwa mchana, na mchana mimi nina kichwa cha mtu mikononi. Mwaka jana nilimwendea Mkuu wa Idara, akanijibu kwa upole kabisa kwamba utafiti unataka mtu asiye na haraka. Nilirudi saluni nikasuka kwa hasira mpaka mteja akaniuliza kama namlipizia kisasi. Kwa hiyo uliposema kazi itatufuata tulipo, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, ingawa sikuwa nimesikia neno konokono.

Masanduku yote mawili yako stoo, kando ya jiko. Wa kulia wanapata majani pamoja na unga wa maganda ya mayai. Wa kushoto wanapata majani matupu. Nimewatia alama kwa rangi ya kucha ya saluni, nyekundu kulia na buluu kushoto, na kila mmoja nimemkata ukingo wa gamba kidogo kama ulivyotuonyesha. Unga nautia mwenyewe asubuhi. Majani ya mchana nimemwomba mama mkwe wangu, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki nyumbani na mtoto.

Mama alipoyaona masanduku aliuliza tu, "Hawa watakaa ndani?" Nikasema ndiyo. Hajasema neno jingine tangu siku ile.

Mwanafunzi wako,
Msusi


Jumapili, 10 Februari

Msusi, marahaba.

Barua yako ina doa la mafuta ya nywele. Usinitake radhi. Ndiyo sababu niliwaambia mniandikie barua na si ripoti. Ripoti mtu huipiga pasi kabla ya kuitoa nje. Barua huiandika vipande vipande, kati ya kichwa na kichwa, na humo humo husahau kuficha mambo, nami napata ninachokitafuta.

Swali letu usilisahau. Konokono akivunjika gamba, je, hulitengeneza kwa chokaa aliyonayo mwilini, au hungoja mpaka aipate nje, kama ile ya maganda ya mayai? Hakuna zaidi. Watu wakikuuliza kwa nini unafuga wadudu stoo, waambie hivyo, na uwaambie pia kwamba konokono si mdudu.

Sasa jambo zito. Mwezi wa tano kamati ya idara itaamua kama mpango huu wa kuwapelekea ninyi meza ya maabara majumbani, Benchi la Nyumbani, uendelee au ufe. Nimekuchagua wewe usimame mbele yao kwa niaba ya wenzako. Wakikubali, utaendelea nami mwaka wa mwisho na kazi hii itahesabiwa kwenye shahada yako. Wakikataa, konokono watarudi kwangu na wewe utarudi kwenye nywele. Mkuu wa Idara si mtu mbaya. Anaamini tu kwamba nyumbani ni mahali pa kulala.

Mwalimu wako


Jumamosi, 2 Machi

Mwalimu wangu mpendwa,

Keti kwanza.

Wa kushoto wameziba. Wote. Nimewapima kwa ile rula yako ndogo, nikawapima tena nikidhani usingizi unanidanganya. Pengo la gamba limejaa kwao sawasawa na kwa wenzao wa kulia, na ukuta mpya ni mgumu vilevile. Bila punje ya ganda la yai! Wanachota kwenye miili yao wenyewe. Nilimpigia simu mume wangu, aliyekuwa njiani na lori lake, nikamweleza yote bila kupumua. Akasema hongera, kisha akauliza, ni akina nani hao walioziba? Sikujali. Nilimbeba mtoto tukacheza sebuleni mpaka akacheua.

Mama ndiye anayenitia mawazo. Nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nikirudi jioni ananiwekea chakula, anamchukua mtoto, anakwenda zake chumbani, na mimi nabaki na sahani. Mara mbili nimemkuta akitoka stoo anajifuta mikono, mlango ameuvuta nyuma yake. Nahofia atawatupa. Hasemi, lakini naona anangoja nichoke nikiache chuo. Na siku hizi tunakula mayai asubuhi, mayai mchana, mayai jioni, mpaka mtoto akiyaona anageuza uso. Sijui kama ni adhabu.

Lakini leo hakuna wa kuniharibia furaha.

Msusi


Jumanne, 5 Machi

Msusi,

Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Jambo likiwa tamu mno ni vizuri kulionja mara ya pili, kwa hiyo usiwaguse na uendelee kuwapima. Hayo ni maneno ya mwalimu. Ya mtu wa kawaida ni kwamba nilikutana na Mkuu wa Idara koridoni nikashindwa kuubana mdomo. Nilimwambia mwanafunzi asiye na nafasi ya maabara ameona kitu ambacho maabara yake haijakiona. Nilijisifu, na nilijisifu kwa sauti.

Kuhusu mama mkwe wako, sina la kusema. Mimi wa kwangu tulianza kuelewana siku nilipoacha kukisia anachofikiri nikamuuliza.

Mwalimu wako


Jumamosi, 9 Machi

Kwa Mwalimu wa konokono,

Salamu. Hunijui. Mimi ni mama wa mume wa mwanafunzi wako yule msusi. Barua hii nimempa jirani mlinzi na nimemwapisha asimwonyeshe mtu.

Mwalimu, mimi nimelea watoto wengi, wa kwangu na wa ndugu zangu. Katika nyumba yangu hapajawahi kuwa na mtoto mwenye sahani tupu huku mwenzake anatafuna. Kama kipo kidogo, tunagawana hicho kidogo. Sasa mkwe wangu akaniletea masanduku mawili, huku wanawekewa unga wa mayai, huku hawawekewi, na wote ni wagonjwa, wote wamekatwa. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili mmoja wa kushoto akapanda ukuta wa sanduku, akanitolea zile pembe zake zenye macho, akanitazama. Nikasaga ganda.

Tangu siku hiyo nimewapa wote. Asubuhi anawapa wake, mchana mimi nawapa wale waliosahauliwa. Nilidhani amewasahau kwa uchovu, maana anachoka sana. Nilinunua mayai zaidi ili maganda yatoshe.

Halafu nikamsikia kwenye simu na mwanangu, anasema wa kushoto wamepona bila kula. Akacheza na mtoto. Sijawahi kumwona akicheza katika nyumba hii. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikajua nimeharibu kitu, ingawa sijui ni kitu gani.

Nakuomba usimwambie. Atadhani nilitaka aanguke. Mimi si mtu wa maneno. Akirudi amechoka namwekea chakula, namwondolea mtoto, nampisha apumzike, na naona anadhani nimenuna. Nampenda, Mwalimu. Ila sijui kulisema, najua kupika tu.

Bibi wa mtoto


Jumatatu, 11 Machi

Mama yangu,

Nimeipokea barua yako kwa heshima, na nimeisoma nikicheka na kushika kichwa kwa pamoja.

Nikueleze ulichoharibu. Ukitaka kujua kama ni chumvi inayoleta ladha kwenye mboga, unapika sufuria mbili. Mboga ile ile, moto ule ule, maji yale yale. Moja unaitia chumvi, nyingine huitii. Mtu akipita akatia chumvi kote kuwili kwa wema wake, utakula vizuri, lakini hutajua lolote. Wale wa kushoto walikuwa sufuria isiyo na chumvi. Hawakusahauliwa. Wao ndio wa kutuambia ukweli.

Mama, siwezi kumficha. Akisimama mbele ya kamati na maneno yasiyo kweli, siku yakijulikana hatasimama tena. Lakini sitaki ayasikie kutoka kwangu. Mwambie wewe kabla ya Jumapili, na mwambie kama ulivyoniandikia, hata ile ya mwisho. Mimi nami nimeshajisifu kwa Mkuu wa Idara, kwa hiyo uchungu huu tutaunywa pamoja.

Mwanao, Mwalimu


Jumatano, 13 Machi

Mwalimu,

Sufuria nimeielewa. Lakini sufuria haina macho.

Nitamwambia. Niombee.

Bibi wa mtoto


Jumapili, 17 Machi

Mwalimu,

Sijui nianzie wapi. Najua unajua, Mama ameniambia alikuandikia.

Jana jioni hakuniwekea chakula na kuondoka kama kawaida. Aliketi mbele yangu, akaweka mikono mezani, akasema ana neno. Nikajua ndiyo siku ya kuambiwa nichague, chuo au nyumba. Akaanza kueleza habari za konokono na mimi sikuelewa kitu, nikabaki namtazama mdomo. Nilipoelewa nilipandwa na hasira, Mwalimu, sikufichi. Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza hata mara moja. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi siwezi kulisha nusu ya nyumba."

Nililia. Kisha nikakumbuka yale mayai yote, nikaanza kucheka huku nalia, na yeye akacheka, na mtoto kule chumbani akaamka akalia kwa niaba yetu sote. Tuliongea mpaka chakula kikapoa. Kumbe muda wote huu nilidhani ananihesabia makosa, naye alikuwa ananipisha nipumzike. Nimekaa na mtu huyu nyumba moja na sikuwahi kumweleza ninasoma nini. Nilimpa majani akawape wanyama, basi.

Kwa upande wa nyumbani nina furaha kuliko nilivyokuwa tangu niolewe. Kwa upande wa kazi, Mwalimu, niondoe. Mkuu wa Idara alisema kweli. Nyumbani kuna watoto, kuna wema, kuna watu wanaingia stoo. Mpe nafasi yangu mwingine. Konokono nitawarudisha kwa mlinzi, akikubali.

Msusi


Jumatatu, 18 Machi

Msusi,

Sikuondoi. Na mlinzi hakubali, nimemuuliza.

Leo asubuhi nilimwendea Mkuu wa Idara nikayameza maneno yangu yote ya koridoni, moja baada ya jingine. Alifurahi kwa adabu. Akasema, "Sasa unaona." Nikamwambia bado sijaona, kamati haijakaa.

Unadhani maabara haina watu wanaoingia? Nimewahi kupoteza kazi ya mwaka kwa sababu mtu alifungua dirisha ili nisione joto. Hakuniambia mpaka nilipogundua mwenyewe. Ya kwako tumeijua mapema kwa sababu aliyeiharibu aliona vibaya akasema. Chukua konokono wapya, mlinzi atawaleta kesho huku akinung'unika. Muda upo wa kurudia yote, mradi uanze wiki hii.

Ila huwezi kuwa stoo na saluni kwa wakati mmoja. Lazima awepo mtu mchana wa kuwapa majani wa kushoto na asiwape kingine. Unamjua huyo mtu, na mimi namjua. Itamgharimu. Muulize kama ataweza, na safari hii mweleze kila kitu.

Mwalimu wako


Jumanne, 2 Aprili

Mwalimu,

Salamu. Mkwe wangu amenipa kazi na mimi nimeikubali, kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa kazi.

Alinikalisha stoo akanieleza tangu mwanzo. Swali ni nini, pengo ni nini, kwa nini buluu, kwa nini nyekundu. Alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili. Nilimwangalia nikasema moyoni, kumbe hiki ndicho anachokwenda kukifanya kule asubuhi. Nilidhani wanakaa tu na kuandika.

Wa kushoto nawanyima. Kila mchana nawapa majani yao, nafunga kifuniko, naondoka haraka wasinitazame. Majani yote yanatoka kwenye fungu moja, hilo nalizingatia. Nina jambo moja la kukuuliza. Wakati wenzao wa kulia wanakula ule unga, huwa nawafunika wa kushoto kwa kitambaa, wasione wenzao wanakula. Ni dhambi ya kitaalamu?

Bibi wa mtoto


Alhamisi, 4 Aprili

Mama yangu,

Si dhambi, lakini ni tofauti. Ukiwafunika wa kushoto, wa kulia nao wafunike kwa kitambaa kama hicho, kwa muda ule ule. Wa kushoto wakipata giza, na wa kulia wapate giza. Tunachotaka wapishane ni unga peke yake. Kingine chote wagawiwe sawa, mpaka kivuli.

Mwanao, Mwalimu


Jumapili, 7 Aprili

Mwalimu,

Hata giza mnagawa sawa?

Basi ninyi ni watu wa haki kuliko nilivyodhani. Nimekata kitambaa cha pili kutoka kwenye shuka hilo hilo. Mkwe wangu aliponiona na mkasi alicheka mpaka akaketi chini. Siku hizi anacheka ovyo humu ndani.

Bibi wa mtoto


Alhamisi, 9 Mei

Mwalimu wangu,

Nisamehe kwa leo. Tulipotoka kwenye chumba cha kamati nilikuonyesha dole gumba tu nikakimbia, maana bibi harusi alikuwa ananingoja saluni, na bibi harusi haahirishwi. Najua uamuzi umeshausikia. Lakini ule mlango ni mzito, na wewe walikuweka nje kwa sababu Benchi ni lako, kwa hiyo hujui ilivyokuwa. Sasa nina kiti, nina kalamu, na mteja yuko chini ya kikaushio.

Mama alitaka kuja, na hatukuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo aliingia naye wakaketi nyuma. Mkuu wa Idara aliwatazama, kisha akaniashiria nianze. Nikaeleza matokeo. Wa kulia wameziba vizuri. Wa kushoto nao wameziba, lakini kwa kuchelewa, na ukuta wao mpya ni mwembamba, ukiushika kwenye mwanga unaona kidole upande wa pili. Wengine hawakumaliza. Kwa hiyo mwilini wanachota, ila akiba haitoshi. Si jambo kubwa kama lile la kwanza. Lakini nililisema bila sauti kutetemeka, kwa sababu nililijua ni kweli.

Ndipo Mkuu akauliza vipimo vya kwanza viliharibikaje.

Mwalimu, nilikuwa nimejiandaa kusema hali ya hewa. Nakuungamia. Sikutaka kumtaja Mama mbele ya watu waliovaa tai. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kikawa kingine. Nilisema kosa lilikuwa langu. Nilimpa mtu kazi bila kumpa maana ya kazi, naye akafanya ambacho mtu mwema hufanya akiona mwenye njaa. Nikasema mtu mwenyewe ameketi pale nyuma, na kazi ya pili tumeifanya wote wawili.

Mkuu akavua miwani, akamgeukia Mama kwa heshima, akamuuliza yeye moja kwa moja. Safari hii anajuaje kwamba wa kushoto hawakupata kitu, hata kwa kusahau?

Mama alisimama na mtoto begani. "Kwa sababu iliniuma kila siku," akasema. "Ningewapa, isingeniuma."

Mkuu aliandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu, nikadhani anatuandikia kifo. Kisha akaniuliza, kama angefungua maabara alfajiri, kabla ya vipindi, ningeweza kuja? Mimi na wenzangu wa Benchi? Nikasema alfajiri naweza, mtoto ana bibi yake. Akasema vizuri, atafungua yeye mwenyewe, kwa kuwa huamka mapema na hana pa kwenda. Waliobaki wakacheka, na alipocheka yeye nilijua imepita. Benchi la Nyumbani linaendelea, maabara ya alfajiri inaanza kesho, na mimi nina mwaka mzima na wewe.

Mama alinisindikiza mpaka karibu na saluni. Hakusema kitu njia nzima, na safari hii sikukisia, nilingoja. Tulipofika kwenye kona akasimama.

"Wale wa kushoto," akasema, "wakivunjika tena, watapona upesi kwa sababu wameshaizoea shida, au watachelewa kwa sababu wameshachoka?"

Nikamwambia sijui.

"Muulize Mwalimu."

Nikamwambia hata Mwalimu hajui. Hakuna ajuaye, bado hakuna aliyetazama.

"Hata vitabuni hakuna?"

"Hata vitabuni, Mama."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna chumba kizima ndani ya nyumba yake ambacho hajawahi kukifungua. Akamhamishia mtoto bega la pili, akanisukuma kidogo kuelekea mlango wa saluni.

"Basi mmalize upesi huyo bibi harusi, uje ulale," akasema. "Kesho usichelewe kuamka."

Mwanafunzi wako,
Msusi